Dakika Hamsini za Kumshinda Lusekelo

Jumatatu, 7 Oktoba

Mashine inarenda harusi ya Ipinda tangu alfajiri. Kurenda ndiyo kazi ya mwisho: vipande vyote nilivyokata na kuunga vinageuzwa kuwa video moja, na mashine haifanyi kingine hadi imalize. Asilimia arobaini na moja. Nimefua. Nimegeuza kakao ya mama kwenye mkeka. Nimepika ndizi. Asilimia arobaini na nne.

Nimemjua aliyeniita Konokono. Lusekelo. Nani mwingine.

Miaka miwili mtu huyu alikaa kwenye kiti hikihiki ninachokalia. Baba wa watoto wawili, hajui hata kukata klipu. Nilimfundisha kushika kamera, kusikiliza sauti, kuhamisha kazi kutoka kwenye kadi ya kamera. Akiniita mwalimu. Mwaka jana akanunua laptop mpya, akafungua kibanda karibu na soko la Kyela, na jana baada ya ibada, mbele ya kamati nzima ya kwaya, akasema kompyuta yangu mimi, Mama Bupe, ni konokono, video ya jubilei itatoka Bupe akiwa na wajukuu. Wakacheka. Mzee Ambakisye, mwenyekiti, alicheka hadi akavua miwani. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo nakunja waya.

Uamuzi wa kamati: Jumamosi, siku ya jubilei ya kwaya, tupige video wote wawili. Jumapili ya tarehe 27 itaonyeshwa video moja kanisani Mwaya, ya atakayetangulia kuileta. Huyo ndiye atakuwa mpiga picha wa kwaya.

Tarehe haisogei. Bibi Subilaga anaondoka kesho yake. Binti yake anafanya biashara Karonga, ng'ambo ya mpaka, anamchukua akakae naye, maana macho ya bibi yanaingia ukungu na huku hana wa kumshika mkono. Katika walioanzisha kwaya amebaki yeye peke yake. Ameiomba kamati jambo moja tu: hajawahi kujiona akiimba.

Namtaka Lusekelo benchi la mbele siku hiyo. Aitazame kazi yangu ukutani mwanzo hadi mwisho.

Jumanne, 8 Oktoba

Kompyuta mpya siwezi. Basi hii ya zamani itakimbia.

Njia ipo. Prosesa inatoka kiwandani imepangiwa mwendo wake. Kwenye ile menyu inayotokea kabla mashine haijawaka, unaweza kuupandisha. Vijana wa mtandaoni wanaiita ovakloki na wanabishana kama watu wa mpira. Nimewasoma tangu asubuhi. Nusu wanasema ni kasi ya bure. Nusu wanasema ni kujitafutia balaa kwa mkono wako mwenyewe. Nimewaamini wa kwanza.

Namba zinazozidishwa kupata mwendo ziko mbili. Ya kuzidishia, kwangu imefungwa. Ya msingi iko wazi, imeandikwa mia moja. Kuna mmoja kaandika maelezo marefu kwamba ya msingi isiguswe, kwa sababu inavuta kila kitu pamoja nayo: memori, njia ya diski, vyote. Marefu mno. Sikuyamaliza.

Nimechukua video ya dakika kumi kuwa kipimo. Kuirenda kwa mwendo wa kiwandani, dakika arobaini na nane. Nimepandisha hadi mia na nne. Ikawaka! Dakika arobaini na sita.

Dakika mbili. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Hizo mbili za kwanza, Lusekelo.

Jumatano, 9 Oktoba

Mia na sita. Imezimika yenyewe. Nimewasha, imezimika tena.

Joto. Nyuzi tisini na nne. Kyela ya Oktoba, bati juu, upepo hakuna. Mbwa wa jirani amehamia chini ya pipa letu la maji. Hao vijana wa mtandaoni wanaishi kwenye mabarafu, wanafungua dirisha tu.

Fundi redio wa stendi kanipa kidogo ile dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na feni yake. Ya zamani ilikuwa imekauka kama uji wa juzi. Nimefuta, nimepaka. Nyuzi themanini na tisa. Bado.

Nimewaza kuipandisha mashine Tukuyu. Mwanangu Bupe yuko bweni huko, kila barua anaomba sweta. Baridi ya bure ipo, mimi nimezaliwa bondeni. Nimekasirikia hata jiografia leo.

Feni ya mezani haisaidii. Inasukuma joto lilelile kutoka kona hii kwenda kona ile.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepata!

Mchana nimechota maji kwenye mtungi wa mama. Ni mtungi wa Ikombe, aliununua Matema siku wanawake wa huko waliposhusha vyungu vyao kwenye mitumbwi. Maji yake ni baridi hadi meno yanauma, na hauna umeme. Udongo unatoka jasho, upepo unalichukua na joto lake. Nimesimama na kata mkononi muda mrefu.

Nimeubeba hadi chumbani. Nimeuvisha gunia bichi. Feni ya mezani nyuma yake, mashine mbele yake, ubavu wa mashine nimeufungua. Nyuzi themanini na tatu. Nusu saa baadaye, sabini na sita. Hakuna kijana wa mtandaoni mwenye hii.

Nikapandisha hadi mia na nane. Imewaka, imetulia, inanguruma vizuri. Kipimo changu: dakika arobaini na nne na nusu.

Mama amerudi kutoka kwenye kakao na kiu yake. "Gwe mwanangu, mtungi umekwenda wapi?" Nikamwonyesha. Ametazama gunia, feni, mashine, akanitazama mimi. "Kwa hiyo mimi ninywe maji ya moto kwa sababu ya Lusekelo?"

Ndiyo. Kwa majuma mawili, ndiyo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Jubilei. Mwaya ilijaa hadi watu wakakaa kwenye majani ya migomba nje.

Lusekelo alikuja na shati jeupe na stendi mpya. "Mwagonile, mwalimu!" Aliniamkia kwa sauti, ili wote wasikie adabu yake. Kisha akawageukia vijana wa kwaya: "Mpisheni Mama Konokono, ana safari ndefu." Walicheka wote. Wimbo wa kwanza wote picha yangu inatetemeka, na sababu ni yeye.

Halafu Bibi Subilaga. Walimwekea kiti mbele ya kwaya. Mikono juu ya fimbo. Akaimba ubeti mzima peke yake, Kinyakyusa, bila ngoma, bila kinanda. Nilisimama kulia na kamera yangu, Lusekelo kushoto na yake.

Alipomaliza nilikwenda kumwamkia. Alinishika mkono hakuuachia.

"Nitajiona, mwanangu?"

"Utajiona, bibi. Tarehe 27."

"Haya macho hayatanisubiri, unajua."

"Yatakusubiri. Mimi ndiye nitakayekuonyesha."

"Ndaga fijo," akashukuru. Ndaga fijo, mara mbili.

Nilimwahidi bibi huku namtazama Lusekelo anakunja stendi yake. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kadi zote nne nimezinakili kwenye mashine. Ya tatu iliganda katikati. Nikazima, nikawasha, nikaendelea. Mia na nane, nyuzi sabini na nne. Mtungi nauongezea maji kila baada ya saa mbili, gunia nalimwagia.

Kuna raha fulani kumchukia mtu ukiwa na kazi mkononi. Siku inakwenda haraka.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nakata, naunga. Imeganda mara mbili. Skrini ya bluu mara moja. Nimeangalia joto: sabini na tano. Joto zuri. Basi si tatizo.

Nyimbo kumi na nane, hotuba tatu, keki. Muda wa kuangalia kila klipu mwanzo hadi mwisho sina. Naangalia mwanzo, naruka, naangalia mwisho. Bibi Subilaga nimemweka mzima, bila kukata popote. Nimesikiliza mstari wa kwanza, sauti safi, nikasonga mbele.

Mtu wa boda kaniambia Lusekelo naye yuko mbioni. Laptop yake inawaka kibandani tangu asubuhi. Iwake.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kesho nina harusi Talatala. Kadi zinahitajika. Nimezifuta zote nne.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimeanza kurenda saa kumi na moja alfajiri, joto likiwa bado limelala. Nimekaa na mashine kama mtu anayemuuguza ndugu. Gunia, maji, feni. Umeme haukukatika. Nilisali usikatike, na sioni aibu kwamba sala yenyewe ilikuwa na jina la Lusekelo ndani.

Saa tisa na dakika ishirini na mbili alasiri, imekwisha. Ni mwendo wa saa kumi na dakika ishirini na mbili. Kwa kasi ya kiwandani ingechukua saa kumi na moja na dakika kumi na mbili. Nimepiga hesabu kwa kipimo changu.

Sikuitazama. Nimeifungua, mwanzo upo, jina langu mwishoni lipo. Nimetia kwenye flashi, nimedaka boda hadi Mwaya. Nilimwambia dereva apite sokoni, mbele ya kibanda cha Lusekelo, na apige honi. Alipiga. Lusekelo aliinua kichwa. Nikapunga flashi.

Mzee Ambakisye kaipokea kwa mikono miwili. Lusekelo hajaleta chochote. Mimi wa kwanza.

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Jumatano, 23 Oktoba

Mzee Ambakisye amepiga simu saa nne asubuhi. Walikuwa wanajaribu projekta kanisani. Kila kitu kizuri, amesema, kizuri sana, Mama Bupe, madoa machache hapa na pale, isipokuwa bibi. Bibi anafungua mdomo, anaimba mstari mmoja, halafu picha inakuwa vigae vya kijani na sauti inakatwakatwa. Inarudi akiwa ameshamaliza, watu wanapiga makofi.

Akauliza kama bado nipo.

Nikamwambia ni Lusekelo. Ilitoka yenyewe, tamu. Nikasema alichomeka waya wake kwenye mashine ya sauti wakati bibi anaimba, umeme ukapita kwangu. Mzee hajui waya wala umeme. Akasema "aaa" ndefu. Akasema atamwita.

Nikasema asimsumbue sana, kesho nitarenda upya, Ijumaa atakuwa nayo. Nilijisikia mtu mwema.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mzee amepiga tena. Amemwambia Lusekelo asilete yake. Mtu aharibuye kazi ya mwenzake kanisani hatapiga tena pale. Nimefurahi. Acha niandike ukweli: nimefurahi, nimekwenda kuchota maji ya mtungi nikanywa kikombe kizima nimesimama.

Kisha nikafungua klipu ya bibi ile ya asili, niliyonakili kutoka kwenye kadi.

Vigae vya kijani.

Nimeifungua kwa programu nyingine. Vigae. Nimezima mashine, nimerudisha kila namba ilivyotoka kiwandani, nimewasha. Vigae. Si kurenda kulikoharibu. Faili lenyewe ni bovu tangu lilipoingia. Nimekagua na mengine. Manne yameoza, yote ya kadi ya tatu, ile iliyoganda katikati.

Nimerudi kwa yule mwenye maelezo marefu. Leo nimemsoma hadi nukta. Ukipandisha namba ya msingi, njia ya diski nayo inakimbia kupita uwezo wake, na inaandika vibaya bila kusema. Mashine inawaka, joto ni zuri, faili linaoza. Mimi nilikuwa naangalia nyuzi. Mtungi ulipoza prosesa kweli. Nao ndio ulionipa ujasiri wa kuikimbiza hadi hapo.

Kadi nilizifuta. Juu yake ipo harusi ya Talatala.

Bibi akiimba yuko mahali pamoja tu sasa. Kwenye kamera iliyosimama kushoto.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nilikwenda kibandani kwa Lusekelo saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalinitoka mlangoni.

Hakunikaribisha, hakunifukuza. Alikuwa anakula muhogo. "Mwagonile," nikasema. Akaitikia, kwa sababu nimemzidi umri.

"Mzee ameniambia waya wangu uliharibu sauti yako," akasema. "Mimi sikuwa na waya, mwalimu. Nilimwekea bibi kinasa sauti mfukoni. Kile ulichoniambia ninunue."

Ningependa angepiga kelele. Nilikuwa na majibu ya mtu anayepiga kelele.

Nikamwambia klipu ya bibi imeharibika. Akauliza kadi. Nikasema nimezifuta. Aliacha kutafuna.

"Ulizifuta kabla ya kuangalia?"

Hilo ndilo somo la kwanza nililomfundisha. Siku ya kwanza, kabla hata hajagusa kamera: kadi haifutwi hadi umetazama kila klipu mwanzo hadi mwisho, na nakala ziwe mbili. Nilimgomba mara moja hadi akalia, mtu mzima, kwa kufuta kadi ya ubatizo. Alikuwa anakumbuka. Niliona anakumbuka.

Akafungua droo, akatoa flashi, akanipa. Bibi mzima, picha na sauti. Alikuwa ameshainakili kabla sijafika. Nikauliza kwa nini yeye hakumaliza mapema, laptop yake ni mpya. Alimaliza Jumamosi, akasema. Alikuwa anaitazama. Mara ya tatu ndipo mimi nikapita na honi.

Sikuomba radhi. Sikusema ndaga. Nilitoka na flashi ngumini na nikamchukia zaidi kuliko nilipoingia.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mpango nilioamka nao: bibi wa Lusekelo namtia kwenye video yangu, ukutani linatoka jina langu, na Lusekelo ameshafungiwa mlango. Nimpige kwa fimbo yake mwenyewe. Hakuna kisasi kizuri kama hicho na hata nikitafuta mwaka mzima sitakipata. Zile klipu nyingine tatu zilizooza nimezikata, hakuna atakayeuliza hotuba ya katibu.

Nimerenda kwa mwendo wa kiwandani. Mia moja, bila mtungi. Nimeurudisha kwa mama jana, amesugua hadi mabaki yote ya gunia yakatoka. Ameuliza ovakloki ilinipa nini hasa. Nikamwambia dakika hamsini.

"Hamsini?"

"Katika saa kumi na moja."

Amefikiri. "Si ungeamka mapema dakika hamsini?"

Nikarudi kwenye mashine.

Imemaliza saa kumi jioni. Nimekaa kuitazama yote, hii ya pili, kama nilivyotakiwa kuitazama ile ya kwanza. Mama amekuja na mkeka wake tukatazama wote. Bibi akaanza kuimba. Picha ya Lusekelo ni nzuri, inaniuma kusema. Ametulia, hakuvuta karibu, amemwacha bibi na fimbo yake na kwaya nyuma.

Na pembeni kulia, nipo mimi. Nimesimama na kamera. Bibi anaimba ubeti ule, kanisa lote linamwangalia, watoto wanamwangalia, mwanamke mmoja kwenye kwaya anafuta machozi. Mimi simwangalii bibi. Namwangalia Lusekelo. Taya limekaza, jicho dogo. Ubeti mzima. Sikugeuka hata mara moja.

"Huyu ni nani?" mama akauliza. Macho yake nayo si mazuri. Halafu akajua.

Nimejaribu kukata ile pembe. Nikivuta picha nisionekane, mkono wa bibi kwenye fimbo unaondoka. Nimejaribu mara nne.

Nimeizima.

Jumapili, 27 Oktoba

Nilifika Mwaya kabla ya kengele ya kwanza. Mzee Ambakisye alikuwa anapanga viti. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa haraka, kama mtu anayetapika. Waya haukuwepo. Mashine niliikimbiza mwenyewe, kadi nilizifuta mwenyewe, Lusekelo kanipa bibi bila kuuliza chochote.

Alivaa miwani, akavua. Hakucheka safari hii. Akasema nimemfanya amtende vibaya mtoto wa watu ndani ya nyumba ya Mungu. Nikakubali: ena, baba. Akampigia Lusekelo papo hapo, mbele yangu, akamwomba radhi, akamwambia aje na yake.

Ilionyeshwa ya Lusekelo. Mimi ndiye niliyekaa benchi la mbele, Mzee alinikalisha pale, sijui kwa adhabu au kwa kuwa nafasi zilikuwa zimekwisha. Nimeitazama ukutani mwanzo hadi mwisho. Ile pembe ya kulia ilikuwepo. Kubwa, ukuta mzima. Sijui wangapi waliiona.

Bibi Subilaga walimsogeza hadi hatua tatu kutoka ukutani. Alipoanza kuimba pale juu, hapa chini alinyanyua kidevu. Akasogeza uso. Akakaa hivyo ubeti wote.

"Huyu ni mama," akasema. Binti yake akainama kumwambia, hapana, ni wewe mwenyewe, mama. Bibi akatikisa kichwa. "Namjua mama yangu. Alikuwa anaimba hivyohivyo, na kidevu hichohicho."

Waliirudisha mara tatu kwa ajili yake. Mara ya tatu aliimba naye.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua ndogo asubuhi. Mama ameingiza kakao ndani.

Mzee Ambakisye amemtuma mtu na flashi ya kwaya, yenye video ya Lusekelo. Binti wa Bibi Subilaga anataka nakala ya kwenda nayo Karonga, wanavuka mpaka wa Kasumulu mchana. Lusekelo ameshaondoka, yuko Talatala kwenye kipaimara. Kazi ya kwaya sasa ni yake. Hakukuwa na mwingine wa kunakili.

Nimewasha mashine. Nimeingia kwanza kwenye ile menyu kuhakikisha. Mia moja.

Imechukua muda wake. Nilikunywa maji ya mtungini, nikapepeta mchele, nikarudi. Ilipomaliza nikakaa kuitazama nakala yote, saa mbili na dakika zake, huku bibi na binti yake wakinisubiri kwenye gari nje. Waliniita mara mbili. Nikasema wangoje.

Jina la Lusekelo liko mwishoni kabisa, peke yake, jeupe juu ya weusi. Linakaa sekunde nne. Mkasi wa kukatia klipu uko palepale, chini ya kidole, na Karonga hakuna ambaye angejua.

Nilizihesabu zote nne. Kisha nikachomoa flashi, nikawapelekea.